Juu ya Kurasa Zinazosomwa na Wagonjwa wa Kansere

Katika gazeti hili tumezoea kupima vitabu: vitabu vya mahubiri, vya katekisimu, vya historia ya Eklesia. Mara hii twataka kupima maandiko ya namna nyingine, yasiyo na jalada wala kuuzwa katika duka la misioni. Ni kurasa za intaneti zinazoeleza ugonjwa wa kansere. Pengine wengine watauliza: Mambo hayo yawahusu nini waseminari na makatekista? Si kazi ya waganga? Twajibu kwa kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe.

Katika parokia moja tulikotumwa wakati wa likizo, kulikuwa na mama mmoja mwenye uvimbe katika titi. Alikuwa mkristu mwema, mwenye wajukuu, na kila juma alifagia kanisa. Hospitalini walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipima, wakampa karatasi yenye maneno ya Kifaransa. Mganga alikuwa na wagonjwa wengi siku ile. Alisema naye dakika chache tu. Mama aliporudi nyumbani, kijana wake, mwanafunzi wa sekondari, alifungua telefoni, akatafuta maneno ya karatasi ile, akapata ukurasa mrefu ulioandikwa Ulaya, akamsomea. Walipofika penye maneno «tumeur maligne», wakashindwa. Wakaja kutuuliza. Mmoja wetu, ajuaye Kilatini kuliko maneno ya hospitali, alijibu upesi, amesimama mlangoni: malignus ni mwovu, le Malin ni Shetani.

Basi mama akaenda zake. Miezi 4 hakurudi hospitalini. Alizunguka katika vyumba vya maombi ili Mwovu atolewe mwilini mwake, na watu wa jamaa wakaanza kumtafuta mlozi kati ya mawifi. Aliporudi kwa mganga, uvimbe ulikuwa umepasuka. Hatuwezi kusema kwamba miezi ile 4 ingalimpa uzima. Hilo lajulikana na Mungu peke yake. Lakini twaweza kusema kwamba ilipotea kwa sababu ya neno moja, lililoandikwa bila kumfikiri msomaji, na kufasiriwa na sisi bila kumfikiri mgonjwa.

Tangu siku ile tumesoma kurasa nyingi za namna hiyo, za Kifaransa, za Kingereza na za Kiswahili. Haya ndiyo maoni yetu.

1. Ukweli wasema kwa shida, uwongo wasema kwa urahisi

Kwanza tuseme mema, maana mwenye kupima kazi ya wengine asianze na makosa. Ugonjwa wenyewe ni mkubwa: mwaka 2022, katika dunia nzima, watu kama milioni 20 waliambiwa mara ya kwanza kwamba wana kansere, na watu karibu milioni 10 walikufa kwa kansere. Waganga wameona kwamba mgonjwa asiyeelewa hafuati dawa. Ndiyo maana walianza kuandika kwa ajili yake. Instituti ya Kansere ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1937, ina maelezo ya namna mbili kwa kansere nyingi: moja kwa waganga, nyingine kwa wagonjwa. Ufaransa nayo ina Instituti yake, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo imetengeneza kamusi ya maneno magumu ya ugonjwa huu. Hiyo ni kazi ya upendo, nasi twaisifu. Waandishi wale si wavivu, wala hawasemi uwongo.

Kosa lao ni lingine. Waandika ukweli ambao mgonjwa hawezi kuushika mkononi. Sentensi ni ndefu. Mambo yafanyika, lakini hakuna anayeyafanya: «uchunguzi hufanywa», «matibabu hupendekezwa», «hatari hupunguzwa». Nani anachunguza? Nani anapendekeza? Mimi mgonjwa nifanye nini kesho asubuhi? Ukurasa hausemi.

Tazameni sasa upande mwingine. Katika telefoni ile ile mgonjwa hukuta matangazo ya wauza dawa. Hao huandika vizuri sana! Kunywa chupa hii asubuhi na jioni. Baada ya siku 21 utapona. Piga namba hii. Sentensi ni fupi, kitendo ni wazi, mtu anayesema ni mmoja na anamwambia mtu mmoja. Mtoto wa kalasi ya 4 anaelewa yote. Nalo ni uwongo.

Hapo ndipo twaona ubaya wa jambo hili. Ukweli umevaa kanzu ya mtu mkubwa, unasema kwa mbali. Uwongo umekaa kwenye mkeka pamoja na mgonjwa, unamwita «mama». Tusishangae basi kama mgonjwa anamfuata yule aliyemwelewa. Hata katika mahubiri yetu twaona vivyo hivyo: padri asomaye karatasi ya teolojia kwa saa nzima anawapoteza watu, na mhubiri wa barabarani anawakusanya kwa maneno 10.

2. Kipimo cha Wamarekani, na kwa nini hakitutoshi

Wamarekani walifikiri zamani jambo la maandiko kusomeka. Mwaka 1948, Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alitoa kipimo chake. Hesabu maneno katika sentensi, hesabu silabi katika neno, tia katika hesabu aliyoiweka, nawe utapata namba. Ikiwa karibu na 100, maandiko ni rahisi sana. Ikiwa kati ya 60 na 70, ni ya kawaida. Ikiwa chini ya 30, ni ya watu wa universite. Mwaka 1975 watu wa jeshi la maji la Marekani walitumia kipimo kilichotengenezwa upya, ili kitoe hesabu ya kalasi. Siku hizi chama cha waganga wa Marekani kinashauri kwamba maandiko ya wagonjwa yasipite kalasi ya 6. Uchunguzi mwingi wa miaka 20 hii, juu ya kurasa za kansere, umekuta kwamba kurasa nyingi zapita pale mbali, hata kufika kalasi za mwisho za sekondari na kuendelea.

Kipimo hiki kimewasaidia Wamarekani kuona aibu, na aibu ya namna hiyo yafaa. Lakini tusikichukue kama kilivyo. Tumekijaribu kwa sentensi ya kwanza ya kitabu cha watoto: «Mama anapika chakula.» Maneno ni 3, silabi ni 9. Tukitia katika hesabu ya Flesch, twapata 50 chini ya sifuri! Kwa hesabu hiyo, sentensi ya mtoto yapita ugumu wa kitabu chochote cha falsafa tunachosoma katika seminari. Sababu ni wazi. Neno la Kiswahili hubeba mambo mengi mgongoni, kama mama atokaye shambani: mtendaji, wakati, mtendewa, vyote katika neno moja. «Hatutakuficha» ni neno moja lenye silabi 6, na hakuna asiyelielewa. Wafaransa pia waliona kwamba kipimo cha Kingereza hakiwafai. Mwaka 1958 Kandel na Moles walikigeuza kwa ajili ya Kifaransa.

Lakini hata kipimo kilichogeuzwa kina upungufu mmoja mkubwa. Chahesabu silabi, hakihesabu maana. Neno «malin» lina silabi 2 tu. Kwa Flesch ni neno rahisi kabisa. Na neno hilo ndilo lililomfukuza mama yetu hospitalini.

Basi sisi twasema hivi: maandiko yasomeka, si pale maneno yanapokuwa mafupi, bali pale mgonjwa anapoweza kurudilia kwa kinywa chake mwenyewe yale yaliyoandikwa, na kujua afanye nini. Katekista anajua kipimo hiki tangu zamani. Hampimi mkatekumeni kwa kuhesabu silabi za katekisimu. Anamwambia: Eleza wewe.

3. Maneno matano yanayodanganya bila kutaka

Tumechagua maneno matano ya kurasa za Kifaransa, kwa sababu sisi watu wa Kongo twasoma zaidi Kifaransa, na kwa sababu kila moja lina mtego kwa mtu aliyefundishwa katika Eklesia.

La kwanza ni «maligne». Katika Biblia ya Kilatini Malignus ni Mwovu, adui wa roho zetu. Na Wafaransa humwita Shetani le Malin. Waganga walilichukua neno hilo zamani kwa maana ya ugonjwa wenye tabia mbaya, ni kusema uvimbe uwezao kuingia katika nyama ya jirani na kusafiri kwenda mahali pengine pa mwili. Hakuna pepo ndani yake. Lakini katika nchi ambamo kila kifo chatafutiwa mlozi, neno hili ni moto katika nyasi kavu. Yafaa kusema waziwazi: uvimbe wa kansere, uwezao kuenea.

La pili ni «progression». Kwa Kifaransa cha kila siku, progresser ni kwenda mbele, na mwalimu huandika hivyo kumsifu mtoto. Katika kurasa za kansere, maladie en progression ni habari mbaya: ugonjwa umezidi. Tumeona hata Kiswahili kinachosema «maendeleo ya ugonjwa». Maendeleo! Neno la shule mpya na barabara mpya. Mgonjwa akisoma kwamba kuna maendeleo, atamshukuru Mungu na kupika kuku.

La tatu ni «rémission». Hapa waseminari wako katika hatari kuliko watu wengine. Katika Kilatini cha Eklesia, remissio ni maondoleo ya dhambi, na dhambi ikiondolewa imeondolewa kweli, haikai imejificha. Mganga akisema rémission, hasemi hivyo. Asema: alama za ugonjwa zimepungua, ao hazionekani tena, lakini yapasa kurudi na kupimwa, kwa maana ugonjwa waweza kuamka. Mgonjwa aliyeelewa rémission kama maondoleo ataacha kurudi. Tena ugonjwa ukiamka, atafikiri kwamba Mungu amemrudishia adhabu. Neno moja laharibu dawa na imani pamoja.

La nne si neno moja, ni maneno matatu na namba: «survie à 5 ans». Ukurasa waandika kwamba survie à 5 ans ni 90 kwa 100. Wagonjwa wengi husoma hivi: nimebakiwa na miaka 5. Sivyo. Maana yake ni kwamba waganga waliwatazama wagonjwa wengi, na baada ya miaka 5 wakahesabu ni wangapi wanaishi. Miaka 5 ni siku ya kuhesabu, si siku ya kufa. Wengi wa hao 90 wanaishi miaka mingi baadaye. Tena ukurasa husahau kuuliza: hao ni wagonjwa wa wapi? Huko Marekani, kwa kansere ya titi, hesabu hiyo yafikia kama 90 kwa 100, kwa sababu wengi hutambuliwa mapema na wana dawa na mashine karibu. Mama wa kijiji akichukua namba ile kama yake, atadanganyika kwa furaha. Akiielewa vibaya, atadanganyika kwa hofu. Namba haisafiri bila nchi yake.

La tano ni «soins palliatifs». Wagonjwa wakisoma hivyo, husema: basi, wameniacha. Lakini twajua sisi neno hilo latoka wapi. Pallium ni vazi, joho la kufunika. Na palliatif ni kufunika mtu mwenye baridi. Ni kumpunguzia maumivu, kumpa pumzi, kumtuliza. Utunzaji huo waweza kuanza mapema, pamoja na dawa za kupigana na ugonjwa wenyewe. Hauanzi siku ya kufa.

Na hapa Eklesia yenyewe ina somo la kuwapa waganga, kwa maana ilikosa kwanza na ikajisahihisha. Babu zetu walikuwa wakisema «mpako wa mwisho». Watu walipomwona padri anakuja na mafuta, walianza kulia, na jamaa walimficha mgonjwa ili padri asiingie. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na mwaka 1972 Baba Mtakatifu Paulo VI aliweka taratibu mpya ya sakramenti hii. Sakramenti ilikuwa ile ile. Jina ndilo lililokuwa limefunga mlango. Nani basi atasema kwamba kuchagua jina ni kazi ndogo?

4. Kurasa za Kiswahili

Mtu atasema: dawa ya shida hii ni rahisi, tugeuze kurasa zote katika Kiswahili. Tumesoma zile zilizogeuzwa, na tumeona kwamba kugeuza si kufika.

Kiswahili cha Tanzania kina maneno yake yaliyotengenezwa vizuri. Wao husema «saratani». Hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, mnyama wa majini mwenye miguu mingi. Na cancer kwa Kilatini ni kaa yule yule. Neno ni zuri na lina ukoo. Lakini kwetu mama wa soko hasemi saratani, asema kansere. Akiona saratani katika ukurasa, atapita bila kujua kwamba wamesema naye. Tanzania waandika pia «matokeo chanya», kwa maana ya kwamba kitu kilichotafutwa kimepatikana. Kwetu wengi hawalijui neno chanya. Na wanaolijua wamelisikia kwa mambo mema. Tukiwaambia wagonjwa «positif», wengi wataelewa vibaya ao vizuri kadiri ya walivyofundishwa na vipimo vya ukimwi. Mbona tusiandike tu: wameona kansere, ao: hawakuona kansere?

Mfano mwingine ni kansere ya «col de l'utérus». Kurasa zingine zasema «shingo ya kizazi», zingine «mlango wa kizazi». Tulimpa msichana wa Aksio Katolika ukurasa wenye neno shingo, tukamwuliza ugonjwa huu waanza wapi. Akashika koo lake. Tukampa wenye neno mlango. Akanyamaza kidogo, akaona haya, akaelewa. Haya yake ilikuwa alama ya kwamba ameelewa. Na ugonjwa huu si jambo dogo: mwaka 2022 uliua wanawake kama 350,000 katika dunia, nao ni mmoja wa kansere ziwezazo kuzuiliwa kwa chanjo ya wasichana, na kukamatwa mapema kwa kupima wanawake wasiosikia bado maumivu. Neno moja, shingo ao mlango, laweza kumpeleka mama kwa mganga anayefaa ao kumwacha nyumbani.

Hatusemi kwamba ndugu zetu wa Tanzania wamekosa. Neno lao ni sahihi katika nyumba yao. Twasema tu kwamba mwenye kugeuza maandiko asigeuze kutoka lugha kwenda lugha. Ageuze kutoka mganga kwenda kwa mgonjwa fulani, anayekaa mahali fulani. Ni kazi ile ile waliyoifanya wamisionari wa kwanza na makatekista wao, walipouliza wazee jioni kwa jioni: hili mwaliitaje? Pale neno la kienyeji lilipotosha, kama «neema», walilichukua. Pale lilipokuwa na hatari, waliacha neno la kigeni, kama «sakramenti» na «ekaristi», lakini hawakuliacha peke yake: walilifundisha. Kurasa za kansere zaacha maneno mengi ya kigeni, na hazina katekista.

5. Namna ingine ya kuandika

Mwenye kupima bila kujaribu ni mtu wa maneno tu. Basi tumejaribu. Kurasa nyingi husema kwa namna kama hii: «Baada ya utambuzi wa uvimbe wenye asili mbaya, uchunguzi wa uenezi hufanywa kwa kusudi la kuamua hatua ya ugonjwa, na mpango wa matibabu hupendekezwa kwa mgonjwa.» Sisi tumeandika hivi:

«Mama, walikata kipande kidogo cha uvimbe wako, wakakipima. Wameona kansere. Kansere si ulozi, na watu hawaambukizwi kwa kula pamoja nawe. Ni sehemu ya mwili wako mwenyewe inayokua bila kiasi. Sasa waganga wataka kujua kama imekwisha kwenda mahali pengine. Kwa hiyo watapiga picha ya kifua na ya tumbo. Wakiisha kuona, watakuambia dawa gani yafaa. Siku ile uende na mtu mmoja wa kukusaidia kukumbuka. Uliza maneno haya: Imefika wapi? Mwataka kuniponya, ao kunipunguzia maumivu, ao yote mawili? Ni bei gani? Nirudi lini?»

Tazameni: maandiko yetu ni marefu kuliko yale ya kwanza. Kusomeka si kufupisha. Maneno yameongezeka, lakini kila neno lina mtu anayetenda. Tulimwonyesha mganga mmoja kazi yetu, naye akatusahihisha. Sisi tulikuwa tumeandika mwishoni: «na watakuponya». Akasema: Futeni hilo, mimi sijui kama nitamponya, mwawezaje ninyi kujua? Tulifuta. Ndiyo hatari ya mtu anayetaka kuandika kwa urahisi: huruma yake yaweza kumwongoza katika uwongo, naye akawa ndugu wa muuza chupa za siku 21.

Kuna wanaopinga. Wengine husema: mgonjwa asijue, waambiwe jamaa. Twaelewa desturi hiyo, na kuna siku ambapo mtu hawezi kubeba habari yote mara moja. Lakini siku hizi telefoni imekwisha fika kitandani. Mgonjwa atasoma, tukitaka tusitake. Shauri lililobaki si kama atasoma ao hatasoma. Ni kama atasoma kitu kilichoandikwa kwa ajili yake, ao kilichoandikwa kwa mwingine. Wengine husema: maneno rahisi yapunguza elimu. Sivyo. Bwana wetu alisema na wavuvi juu ya Ufalme kwa mifano ya nyavu na chachu, na hakuna daktari wa teolojia aliyemaliza kuieleza mifano ile.

6. Kazi yetu

Hatutaki kila mseminari awe mganga. Twamwogopa zaidi mseminari anayejifanya mganga, kwa maana tumeona tulivyofanya sisi mlangoni siku ile. Lakini kuna mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu.

Kwanza, tusifasirie neno la hospitali kwa kamusi ya teolojia. Tukiulizwa neno tusilolijua, tuseme: sijui, twende pamoja kumwuliza mganga ao sista wa dispensari. Neno «sijui» halijamwua mtu, na «twende pamoja» limeokoa wengi.

Pili, tukisoma ukurasa pamoja na mgonjwa, tusimwulize: umeelewa? Kila mtu hujibu ndiyo, kwa heshima. Tumwombe: mama, nieleze mimi sasa, kama vile utakavyomweleza dada yako. Hapo tutasikia kilichoingia na kilichobaki nje.

Tatu, walio na kalamu waandike. Karatasi moja kwa kansere ya titi, karatasi moja kwa ile ya mlango wa kizazi, kwa Kiswahili cha parokia, zikisahihishwa na mganga na kusomwa kwanza mbele ya wamama watano kabla ya kupigwa chapa. Wamama wakishika koo badala ya tumbo, karatasi irudi kwa mwandishi.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za mtu wa Etiopia aliyekuwa akisoma Nabii Isaya njiani, akiwa amekaa katika gari lake. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kusoma, na kitabu alikuwa nacho mkononi. Hata hivyo hakuelewa. Filipo hakumpa kitabu kingine. Alipanda garini, akakaa kando yake, akaanzia pale pale alipokuwa akisoma.

Mama yetu alirudi hospitalini, akatunzwa miezi michache. Padri alimpa Mpako wa Wagonjwa, naye alikuwa na akili zake zote. Kabla hajafa alimwita yule mmoja wetu, akamwuliza bila hasira: Padri mdogo, neno lile la karatasi, kumbe lilikuwa na maana gani? Akamweleza, akikaa mara hii. Mama akasema: Basi waambie wale wanaoandika, na waambie wale mawifi. Makala haya ndiyo jibu letu kwa agizo lake la kwanza. La pili tulilitimiza siku ya mazishi, mbele ya kaburi, kwa Kiswahili.